Ndoo Kutoka Lindi

Mnyoo wa kwanza alikufa kabla basi halijafika Masasi. Mwalimu Theodora alimtoa kwa kijiko, akafunika tena ndoo kwa kitenge kibichi.

"Anti, umebeba nyoka?" utingo aliuliza.

"Minyoo wa baharini."

"Wa tumboni hawatutoshi?"

Abiria walicheka. Theodora aliinama kwa haya. Walibaki watatu: mmoja bapa kama utepe, mmoja wa kijani mwenye vimiguu tele ubavuni, na mmoja aliyejificha ndani ya kijumba cha mchanga, akichomoza shada la manyoya.

Winfrida wa darasa lake la tatu hakuwahi kuiona bahari. Sasa daktari alikuwa amesema arudishwe nyumbani Mnyambe, apewe anachotamani. Alitamani kuliona shada lile likifunguka.

"Lakini awe hai, mwalimu. Wa kwenye picha nimemchoka."

Kutoka Newala bodaboda haikuacha shimo. Theodora alipofika, ndoo ilikuwa na maji ya kufunika kiganja tu, na minyoo wamelegea.

"Shikamoo, Mama Winfrida. Nipe chumvi na maji, nichanganye upesi. Hawa bila chumvi hawaishi."

"Marahaba. Chumvi ipo, mwanangu. Maji usiombe. Bomba limekauka, na hili dumu nimelipandisha mlima mzima kwa ajili ya mgonjwa."

Ndani, Winfrida alikuwa usingizini, midomo imepasuka. Kwenye kigoda palikuwa na jagi la maji yake ya siku nzima, halijaguswa. Theodora alilitazama, akaona aibu kulitazama. Aliweka ndoo kando ya kitanda, akatoka na bakuli.

Alibisha mlango baada ya mlango.

"Maji ya minyoo?" mzee Zabroni alimshangaa. "Mbuzi wangu nimewanyima!"

Machozi yalimtoka Theodora palepale uani. Mzee aliguna, akaingia ndani, akamletea kikombe kimoja.

Alirudi nusu akikimbia, akikinga bakuli kwa kiganja, chumvi imefungwa kwenye pindo la kanga.

Winfrida alikuwa ameketi. Siku nyingi hakuwa ameketi. Alikuwa amelikumbatia jagi lake, anatabasamu.

"Polepole, mwalimu, wamelala," alinong'ona. "Maji yao yalikuwa mabaya, nimeyaonja, chumvi tupu. Nimewahamishia kwenye yangu. Mimi nitakunywa kesho."