Pua ya Kuazima

Homa ya mwaka jana iliondoka na pua ya Bi Somoe. Hata harufu ya karafuu hakuisikia tena. Fundi alipomfungia jiko la gesi hakujaribu chochote, alisema tu, "Ukisikia harufu, nipigie."

Siku ya tatu paka aligoma kuingia jikoni. Bi Somoe akapaka povu la sabuni pale mpira unapoingia kwenye mtungi, nalo likatokota kama uji. Akafunga mtungi, akapiga simu.

"Harufu ipo?" fundi akauliza.

"Mimi sisikii harufu, baba. Nimeona povu."

"Basi mwambie mwenzio hapo nyumbani anuse, mama."

Bi Somoe akatazama huku na huku; nyumbani alikuwa yeye na paka tu. Kisha akafungua mlango wa mbele, akaketi kizingitini, kiberiti amekifumbata mkononi asije mtu akakiwasha, na kila aliyepita njia akamwambia, "Karibu ndani, uniazime pua."