Uvimbe wa Malkia Atosa

"Mama, kwa nini malkia alificha uvimbe wake?"

Kisu kilisimama juu ya kitunguu. Armelle alimtazama binti yake Ketsia, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyeinamia daftari kwenye meza ya jikoni. Jasho lilimtoka, na jiko lilikuwa halijawashwa.

"Malkia gani?"

Ketsia alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Malkia Atosa wa Uajemi, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Binti wa mfalme, mke wa mfalme, mama wa mfalme. Wanahistoria wa zamani waliandika kwamba nguvu zote zilikuwa mikononi mwake. Lakini uvimbe ulipomwota titini aliona haya, akanyamaza mpaka ukapasuka.

"Ni devoir ya historia," alisema Ketsia. "Lazima tumhoji mzazi."

Armelle akashusha pumzi. Kumbe ni kazi ya shule tu. Hakuna aliyejua, wala asingejua. Ilikuwa wiki ya saba tangu akigundue kile kivimbe akioga, upande wa kushoto, kigumu kama punje ya mahindi. Tangu hapo alikuwa akifunga mlango wa bafu kwa ufunguo, na kumkumbatia mwanawe kwa ubavu wa kulia.

Na ajabu ya huyu mama: kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Guildford, kitongoji cha Sydney, akikuta hata kijipu mgongoni mwa bibi anayemwogesha, huandika ripoti kabla maji hayajapoa. Kwake mwenyewe alikufa ganzi. Dada yake Léonie alifanyiwa operesheni Bukavu, na hakutoka hospitali akiwa hai. Hapa Sydney walikuwa wawili tu, yeye na Ketsia. Akiondoka, mtoto atabaki na nani?

"Aliogopa," alisema hatimaye. "Andika hivyo. Mtu anaweza kuamrisha inchi mzima na bado anaogopa mwili yake."

Ketsia aliandika. "Swali la mwisho. Ungekuwa rafiki yake, ungemwambia nini?"

"Aende kwa dokta, ni nini tena!" Sauti ilimpanda Armelle. "Aache ujinga. Aende Jumatatu, asubuhi!"

"Alienda," alisema mtoto bila kuinua macho. "Akapona."

Jumatatu Armelle alienda. Dokta alimpima, akaacha utani, akamtuma hospitali ya Liverpool, hapo hapo Sydney, kwa vipimo. Kilikuwa kile hasa alichokiogopa, ila kilikuwa hakijakua. Wangekitoa mwisho wa mwezi. Armelle hakumwambia Ketsia. Mtoto wa darasa la tano, ya nini kumtwisha mzigo kama huo?

Siku ya wazazi kuonana na walimu, alimshika mwalimu mikono yote miwili. Kwa Kiingereza alichokipanga njiani kwenye treni, alimshukuru kwa ile kazi ya historia. Yale maswali kuhusu malkia, alisema, ndiyo yaliyomfikisha hospitali mapema. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapekua daftari lake la masomo, mbele na nyuma.

"Samahani, Armelle," alisema. "Tangu mwezi wa pili tunasoma habari za wachimba dhahabu tu. Malkia yupi?"