Kamanda Aenda Kuposa

Raymond alimfukuza Kisigino Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki.

"Wiki nzima hujasindikiza msafara hata mmoja," alimwandikia, kidole kikigonga kioo cha simu kwa hasira. "Walinzi watatu hujaua. Fuwele hujaleta. Unadhani hapa ni mahali pa kupumzikia?"

"Samahani, Kamanda. Nyumbani kulikuwa na shughuli."

"Shughuli kila mtu anazo. Toka."

Akabonyeza, na jina la Kisigino likafutika kundini.

Kamanda mwenyewe, msimwone hivi, alikuwa afisa ugavi wa miaka thelathini na sita, kaletwa Kasulu kikazi kutoka Morogoro. Kwenye mchezo wa simu wa kuua mazimwi aliongoza watu arobaini asiowajua hata sura. Toleo jipya lilipotoka Novemba, alilimaliza kwa siku nne, kwa ruhusa ya kuumwa tumbo. Mtu angedhani ukishafika ngazi ya mwisho umepumzika. Thubutu! Ndipo kazi zinaanza: kila wiki misafara, kila wiki walinzi, kila wiki fuwele mia mbili, ili Jumatano sanduku lifunguke upate kofia ya chuma iliyoizidi ile ya zamani kwa pointi tatu. Kisha hesabu zote zinarudi sifuri, mnaanza upya. Eti hayo Raymond aliyaita maendeleo.

Na katika wote arobaini, aliyemdharau kupita kiasi ni huyo Kisigino. Hakuwahi kuwasha maikrofoni. Alichuma majani, akalichemshia kundi dawa, kazi ambayo wengine waliikimbia, halafu akauliza maswali ya kipuuzi.

"Kamanda, mtu akiuguliwa na mama yake, anasamehewa kazi za wiki?"

"Mama ana ndugu zake. Orodha ni orodha."

"Na mkewe akiwa anajifungua?"

"Kwani yeye mkunga?"

Kundi zima lilicheka siku ile. "Huyu ni mlinzi wa ghala la mahindi," Raymond aliwaambia wenzake. "Anacheza lindoni, tena kwa intaneti ya tajiri yake."

Lakini tusimwonee. Alimpenda Akimana, mwalimu wa Kibondo, na alimpenda kwelikweli. Walikutana kwenye semina, na tangu hapo hakuwahi kumtaka mwingine. Barua ya posa aliipeleka Desemba, na jibu lilikuwa litolewe Jumamosi hii. Akikataliwa, alimwambia mwenzake Makarius, hajui ataishije.

"Kwetu hawamtoi binti kwa mtu wasiyemjua," Akimana alikuwa amemwonya mapema. "Masenge, shangazi yangu, ndiye mwenye kazi ya kuchunguza. Ataulizauliza."

"Aulize," Raymond alicheka. "Baa hawanijui. Wanawake hawanijui. Mimi sitoki, Akimana. Kosa atalitoa wapi?"

Na kweli hakuwa akitoka. Majirani walimjua kwa sauti tu, akiwafokea watu wasioonekana. Hata Jumatatu ya wiki hii, Akimana alipompigia kwamba bibi yao amefariki na kesho wanazika, aje walau aonekane, Raymond alisema ana kikao kizito. Kikao chenyewe kilikuwa na zimwi la vichwa vitatu.

Jumamosi aliondoka na Makarius, mtu mzima wa ofisini kwake, aliyekubali kuwa mshenga. Makarius aliendesha gari, Raymond akachuma majani. Aliyekuwa akichuma si alishamfukuza? Basi sasa Kamanda alichuma mwenyewe, tangu Kasulu mpaka mtandao ulipokatika njiani, akausonya mlima mzima.

Mzee Leonidasi, baba yake Akimana, aliwapokea vizuri ingawa nyumba ilikuwa bado na matanga. Makarius alitoa pole, akaweka sukari na vitenge mezani, akasema maneno ya kuposa kama inavyotakiwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Habari za kijana tunazo," alisema. "Si mlevi. Hana mwanamke wa pembeni. Hajampiga mtu wala hajaiba."

Raymond alivimba kichwa. Mlangoni Akimana alisimama na sinia la soda, hamtazami Raymond, naye Raymond akadhani ni haya ya bibi harusi. Moyoni alishaanza kupanga harusi: iwe Ijumaa au Jumamosi, mradi isigongane na Jumatano.

"Lakini kwetu baba hatoi jibu," Mzee aliendelea. "Anayetoa jibu ni dada yangu."

Akainuka mama mfupi mwenye miwani, kanga begani, macho bado mekundu kwa msiba. Raymond hakuwahi kumtia machoni. Akamsalimu kwa adabu zote, kichwa chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Aliketi tena, akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kanga.

"Mtaani kwake niliuliza nyumba kwa nyumba," aliwaambia wote waliokuwepo. "Hakuna anayemjua. Wakaniambia hatoki, kutwa yumo kwenye mchezo wa simu. Nikaona si vibaya, nimfuate hukohuko anakokaa na watu."

Akavaa miwani, akamtazama Raymond kwa mara ya kwanza.

"Nilijiunga Januari. Jumatano amenifukuza."