Kicheko cha Lyamba

Jeneza la mzee Josephat lilikuwa nusu kaburini Lyamba alipocheka. Si kutabasamu; alicheka mpaka akashika mbavu. Kijiji kizima cha Magamba kikamgeukia, na mkewe Nyanzala akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mwezi uleule akacheka kwenye msiba mwingine. Nyumbani napo alicheka akila, alicheka akikamua ng'ombe, na kila mara akiapa kwamba hajafurahishwa na chochote. Watu wakasema amerukwa na akili. Manyanda, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hakutaka kusikia habari za wazimu. Kwake huyo alikuwa mchawi anayefurahia kazi yake. Akaamuru Lyamba atengwe: asisalimiwe, asipewe moto, na msiba wake usihudhuriwe.

Kabla ya masika ya mwaka tisini na sita, mama yake Lyamba akafariki. Hakuja mtu. Mume na mke walichimba kaburi wenyewe, na Lyamba alicheka huku machozi yakidondokea mpini wa jembe. Nyanzala aliumia sana. Hapo ndipo alipojua kwamba huu ni ugonjwa, maana mumewe alimpenda mama yule kuliko kitu chochote. Kesho yake akafunga nguo zao, wakapanda treni.

Walirudi kutoka Dar es Salaam baada ya miezi minne, Lyamba amevaa kofia ya sufu asiyotaka kuivua hata juani. Walikuwa na barua ya daktari yenye mhuri. Mwalimu Enoka akaisoma mkutanoni: kicheko hicho hakikuwa dharau wala uchawi, kilitokana na uvimbe kichwani. Barua ilikuwa bado inaendelea, lakini watu walishasimama kumpa Lyamba mkono. Manyanda alisema mhuri ni mhuri, akaondoka. Hakuomba radhi.

Mwaka uliofuata Manyanda akafa kwa malaria. Udongo wa kwanza ulipogonga jeneza, Lyamba akaangua kicheko, akacheka mpaka akakaa chini. Safari hii hakuna aliyenuna. Mjane mwenyewe aliagiza Lyamba aletewe kigoda.

"Pole sana, baba," alimwambia. "Ndo ugonjwa wenyewe huo."

Walipofika nyumbani, Nyanzala alimvua kofia, akapapasa kovu la upasuaji.

"Baba Malale, si walisema wameutoa uvimbe wote?"

"Waliutoa wote," alisema Lyamba, akajifuta machozi na kuirudisha kofia kichwani.