Mlango wa Pili

"Mheshimiwa Abednego, chukulia Mheshimiwa Specioza ndiye mama mkwe wako. Amesimama pale mlangoni. Haya, pita."

Ukumbi wa halmashauri uliangua kicheko. Diwani Abednego, Msukuma mwenye kitambi na heshima zake, aliinuka, akapiga hatua mbili, akamtazama bi mkubwa aliyeujaza mlango wote. Akarudi kuketi.

"Siwezi," alisema. "Hata kwa mchezo, siwezi."

"Basi na mume wangu hawezi," alisema Nyanzala.

Alikuwa ametumwa na kaya arobaini za Misunkumilo zilizohamishwa kupisha barabara. Zilikuwa zinajengewa nyumba mpya, na siku hiyo madiwani walikuwa wanachagua mchoro. Mchoro wa kwanza ulikuwa na mlango mmoja, na uzio wa matofali kuizunguka kila nyumba. Wa pili haukuwa na uzio, ila ubavuni ulikuwa na chumba chenye jiko lake na mlango wake wa nje. Fedha zilitosha kimoja tu.

Kaya arobaini zilimtuma uzio. Nyanzala aliomba mlango.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mama yake. Bibi Ngolo aliishi peke yake huko Mamba, macho yamefifia, na mwezi uliopita alikuwa ameunguza viganja kwa kushika sufuria akidhani jiko limezimika. Kwa miaka mitano Nyanzala alitaka kumleta Mpanda. Kikwazo kilikuwa mila: mwanamume na mama mkwe wake hawapishani mlango mmoja, na Maduhu, mumewe, alizishika mila za kwao kuliko hata wazee waliomfundisha.

Ajabu ni kwamba wazo la mlango wa pili lilikuwa la Maduhu huyohuyo. Aliuona mchoro kwenye ubao wa matangazo, akaja kumchorea mkewe nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

"Waambie ukuta wa katikati uwe mnene," alisema. "Na jiko liwe lake mwenyewe. Wanawake wawili jiko moja, mtarushiana miiko."

"Na mama yangu? Sijagombana naye tangu nizaliwe."

"Mtaanza. Na dirisha liwe kubwa, mtoto apate hewa."

"Mtoto gani?"

"Si hawa wetu, wakilala kwa bibi yao."

Nyanzala alicheka mpaka akashika mbavu. Mpanda nzima, ni wanaume wangapi wanaomfikiria mama mkwe hadi dirisha la chumba chake? Alimpenda upya, kama siku zile za uchumba. Maduhu akawasha pikipiki yake, akaenda zake Litapunga kwenye mashamba ya mahindi.

Mchoro wa pili ulipita kwa kura moja. Kura ya Abednego.

Majirani hawakumsamehe. Mbuzi wa mtaa mzima walikuwa huru kuingia watakako, na wa kwanza kulizwa alikuwa Marta, aliyepanda mchicha wake kwenye kiwanja kipya kabla hata nyumba hazijaezekwa. Huyu Marta ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wamchague Nyanzala awasemee.

"Tulikutuma uzio, ukatuletea mlango," alimwambia bombani, ndoo kichwani, mbele ya wanawake wote. "Msaliti we! Na mimi mjinga nilikuwa nakutetea kwa watu nikidhani nakujua."

Liliuma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Nyanzala alijaza ndoo yake, akarudi nyumbani, akalia. Maduhu alichukua pindo la khanga, akamfuta machozi.

"Vumilia, mke wangu. Watasema watachoka. Hili ulilofanya si dogo, siku moja utaliona."

Siku za kukabidhiwa funguo zilipofika, walikubaliana kugawana kazi. Maduhu angepokea funguo zote mbili na kuhamisha vyombo, Nyanzala angekwenda Mamba kumchukua mama.

Bibi Ngolo alivaa kitenge chake cha Krismasi. Njia nzima alikumbatia jogoo mwekundu, zawadi ya mkwe. Kondakta alimwambia amweke chini ya kiti, akakataa katakata.

"Huyu ni wa mtu aliyenijengea mlango," alisema. "Atasafiri kama mimi."

Walifika mchana. Nyumba zilisimama safi, mabati yanang'aa, na hapakuwa na uzio hata mmoja. Marta alikuwa barazani kwake. Aliwaona, akageuzia uso ndani. Nyanzala alimwacha. Leo hata chuki ya Marta ilikuwa nyepesi kubeba.

Alimshika mama mkono, akamzungusha hadi ubavuni mwa nyumba, akamwekea kiganja juu ya mbao.

"Wako huu, mama."

Mama alipapasa mbao, akapapasa bawaba, akapapasa kitasa. Yale macho yasiyoona yakalengwalengwa na machozi.

"Mwanangu," alisema, "umeolewa na mtu."

Kitasa kikazunguka kutoka ndani. Mlango ukafunguka, akatokea mwanamke kijana, ufagio mkononi, mtoto mchanga mgongoni. Alipowaona aliuweka ufagio chini, akapiga goti.

"Shikamoo, dada. Mimi ndiye Aline, wa Litapunga. Mume wetu alisema ukifika nikushukuru kwa mikono miwili. Bila wewe kule kwenye kikao, mimi na wewe tungebanana mlango mmoja."