Ngazi ya Kambare

Kila mtu wa bondeni ana ruhusa ya kupanda mto mara moja tu maishani. Mama aliitumia yake akiwa na mimba yangu, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Sasa bibi huyo ni mgonjwa, na Mama akatuambia twende matembezi bwawani tukaone mashua zikiinuliwa.

Tulikula mihogo, tukatazama. Lango lilifungwa, maji yakajaa, mashua ikapanda polepole na watu wake. Pembeni, kambare walijisukuma kidato kwa kidato kwenye ngazi yao ya saruji. Bango lilisema: Anayepanda ngazi hii asiguswe wala asizuiwe.

Mama alilisoma mara mbili. Akavua viatu, akakaza leso kiunoni, akaingia majini.

"Mama Dhahabu, toka humo!" Baba akasema. "Watu wanatuangalia."

"Si wamekuja matembezi? Waache waangalie."

Mlinzi alikuja mbio, akanyoosha mkono, akaliona bango, akaurudisha. Mashine ya kuhesabu samaki wanaopanda ngazi ikaandika kwenye kioo chake: kambare mmoja, mkubwa.

"Mama, umeshaandikwa samaki!" mlinzi akapiga kelele. "Huko juu samaki wanavuliwa!"

"Basi watafute wavu mzito," Mama akajibu bila kugeuka, maji yakimpiga magotini.

Ruhusa yangu mimi ilikuwa mfukoni, haijatumika. Nikampa Baba aishike pamoja na viatu vyangu, nikamfuata Mama.