Alama ya Tatu

"Pole sana, mpendwa mteja," binti alisema kwenye simu kwa sauti ya asali, huku mkono wake wa kulia ukipapasa chini ya meza kuutafuta mchi.

Mteja alikuwa akifoka kuhusu friji isiyogandisha hata maji. Na nyuma ya ukuta, jirani naye alikuwa ameshaanza. Maneno hayakushikika, ni mvumo tu, tangu asubuhi, kama nzi aliyefungiwa chupani. Mteja alipokata, aliuinua mchi akautwanga ukuta mara tatu. Plasta ikamwagikia kompyuta.

"Heh!" Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, aliruka. Alikuwa amefika jana yake kumwangalia, maana bintiye alikuwa hapokei simu zake. "Unatwanga nini, mwanangu, na kinu hakipo?"

"Namtwanga huyo domo kaya."

"Jirani hupigwa hodi, hapigwi ukuta. Toka hapo, nenda mlangoni kwake mkasalimiane. Una miezi minane hapa, hata sura yake huijui?"

"Nikiinuka dakika tatu, taa yangu kwenye kompyuta inageuka njano, mama. Kampuni wanaona."

Mama alimkagua kuanzia juu hadi chini: blauzi iliyopigwa pasi, kisha kaptula ya kulalia. "Nusu mfanyakazi, nusu mgonjwa," alisema. Halafu, kwa upole, "Mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa lini?"

Binti alihesabu vidole, vikaisha. Siku kumi na tisa.

Kampuni iliita kazi hii ya nyumbani uhuru. Ilisahau kutaja ulikotoka. Miaka mitatu nyuma, wapokea simu sabini walikaa ukumbi mmoja usio na feni hata moja. Siku moja ya joto walivua visikilizio vyao kwa pamoja, wakasimama, wakanyamaza. Kufika adhuhuri feni sita zilikuwa zinazunguka. Mwezi uliofuata kila mmoja alikabidhiwa kompyuta, akaambiwa hongera, sasa utafanyia kazi nyumbani kwa raha zako. Zikaja na sheria. Majina marufuku, namba tu. Kuulizana mnakaa wapi, marufuku. Kuandikiana ruhusa, lakini kwenye mtambo wa kampuni, saa ya chakula. Kiti chako, umeme wako, na ukichanganyikiwa, kichwa ni chako.

Ilikuwapo na sheria ya sauti ya nyuma. Mteja akisikia kelele yoyote isiyo yako, unapigwa alama nyekundu. Alama tatu ndani ya mwezi mmoja, namba yako inafutwa siku hiyohiyo, bila kuulizwa. Yeye alikuwa nazo mbili, zote za domo kaya. Mwezi ulibakiza siku mbili.

Habari za ule ukumbi alisimuliwa na mwenzake wa kazi, Sitini na Moja, ambaye alikuwamo miongoni mwa wale sabini. Huyo ndiye aliyemzuia asirukwe na akili. Kila siku saa saba mchana, saa ambayo hata domo kaya hutulia, wawili hao waliandikiana. Siku aliyojifungia bafuni kulia huku amefungulia bomba, Sitini na Moja alimwandikia: "Lia, dada, ni haki yako. Ila lia ukiwa mezani, taa isigeuke." Akacheka, kamasi zikimtoka. Usingizi ulipomkimbia wiki nzima, Sitini na Moja alimwandikia kila mchana, "Umekula?" Na jana alipomuuliza, "Na wewe je, una alama ngapi?" alijibiwa: "Mbili kama wewe. Usiniulize za nini, nitatukana wazee wa watu."

Saa tano na robo simu iliita. Alikuwa mteja mkali, mwenye duka, friji nne mbovu kwa mpigo. Hajamaliza hata kujieleza, mvumo ukapanda nyuma ya ukuta, juu zaidi kuliko siku zote, kama mtu anayembembeleza kiziwi.

"Dada, ngoja," alisema mteja. "Hapo kwako kuna mtu mwingine?"

"Hapana, mpendwa mteja. Nipe sekunde moja tu niangalie faili lako."

Akabonyeza kitufe cha kuzima sauti yake. Akashika mchi kwa mikono miwili. Safari hii hakuhesabu. Alitwanga hadi saa ya ukutani ikaanguka, hadi tofali likachungulia ndani ya plasta, hadi mama alipomkumbatia kwa nyuma na kuukamata mkono wake.

"Basi, mwanangu. Basi. Utaua mtu."

Kimya.

Kilikuwa kimya ambacho hajawahi kukisikia saa za kazi tangu ahamie nyumba ile. Alirudi kwa mteja, akaandika namba za friji zote nne, akaahidi fundi. Mteja akasema ahsante, neno ambalo hakuwa amelisikia wiki ile. Alisubiri alama nyekundu. Haikuja.

"Nimemweza!" alimwambia mama. Alicheka, akalia, akacheka tena. Hata simu zilizofuata zilipita kama maji, na ukuta haukuguna. Mama hakucheka. Alikuwa akizoa plasta kwa kiganja.

Ilipofika saa saba, aliukimbilia mtambo wa kampuni kumpa mwenzake habari njema. Taa ya Sitini na Moja ilikuwa imezimika, wala si njano, wala si kijani. Chini yake palikuwa na ujumbe mmoja, ulioandikwa saa tano na nusu, dakika za mwisho kabla ya kufungiwa mtambo:

"Wamenifuta, dada. Ya tatu. Nilikuwa na mteja mzee asiyesikia vizuri, jirani yangu akautwanga ukuta kama anabomoa nyumba. Nataka kulia, ila naogopa, huyu mtu asije akatwanga tena."